Nani Ataifuta? Silaha Nyeusi, Silaha ya Stenlesi na Chumvi ya Dar es Salaam

Maneno haya niliyasema Jumamosi asubuhi katika ukumbi mmoja wa Upanga, mbele ya wamiliki wa silaha wenye leseni, wawindaji na watunza ghala wa kampuni za ulinzi. Waliokuwa zamu siku hiyo wameomba niyaandike yote. Nimeyaacha kama yalivyotoka mdomoni, ila picha za ukutani nimeziruka.

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama, kaka zangu, na nyinyi vijana mliotoka zamu ya usiku mkaja moja kwa moja hapa bila kulala, hamjambo? Asanteni kwa kuja. Nawashukuru pia kwamba silaha zote zimekaguliwa mlangoni na hakuna yenye risasi ndani. Ndivyo inavyotakiwa, leo na siku zote.

Nimeombwa nizungumzie swali ninalokutana nalo kila wiki kwenye meza yangu ya kazi. Mtu amepata kibali, fedha anazo, amekwenda dukani akaoneshwa bastola mbili zinazofanana kwa kila kitu, moja nyeusi, nyingine ya stenlesi, inang'aa kama kijiko. Ananipigia simu akiwa bado dukani. "Fundi, nichukue ipi?" Na mimi namrudishia swali: "Nani ataifuta?" Wengi hukaa kimya. Wengine hudhani sikusikia walichouliza. Nimesikia vizuri sana.

Niwape habari ya bunduki moja. Miaka kadhaa nyuma, mwishoni mwa masika, niliitwa Msasani kwenye nyumba iliyokaa karibu kabisa na maji. Geti lile lilikuwa na walinzi watatu wa kupokezana na bunduki moja ya marisau, nyeusi, iliyonunuliwa mpya mwaka mmoja tu kabla. Kijana wa zamu akanipokea. "Shikamoo mzee. Pampu haivutiki." Nikaishika. Mtutu mzima ulikuwa umegeuka rangi ya kichuguu. Nikaivuta kwa nguvu zangu zote, pampu haikuja. Ndani mlikuwa na risasi iliyonata kwenye chemba, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa, na kuitoa salama kulinichukua nusu ya asubuhi.

Nikamuuliza yule kijana, "Mara ya mwisho nani ameifuta?" Akanijibu kwa adabu, "Mimi nikiingia naikuta hivi hivi, mzee." Nikamsubiri wa usiku. Akasema anayefuta ni wa mchana. Wa tatu akasema kazi hiyo ni ya ofisini. Nikapiga simu ofisini, msimamizi akaniambia silaha ni jukumu la aliye zamu. Watu wanne, na kila mmoja alikuwa anasema kweli kama alivyoijua. Sasa nawauliza ndugu zangu: usiku wa majambazi, kijana yule angejitetea na nini? Alikuwa amekaa miezi getini amekumbatia fimbo nzito, akidhani ana bunduki.

Bahari yetu mnaijua. Mnajua mabati ya Kigamboni yanavyooza, mnajua nondo za maghorofa ya ufukweni zinavyopasua zege. Kusi ikivuma inaleta chumvi, kaskazi ikivuma inaleta chumvi. Ile chembe ya chumvi ikitua juu ya chuma huvuta unyevu wa hewani ikajitengenezea tone lake la maji ya bahari, dogo hata hulioni. Kutu huanzia hapo. Haingoji mvua.

Sasa, ule weusi ni nini? Wengi wenu mnadhani ni rangi. Mnadhani kuna mtu kiwandani kashika brashi. Sivyo. Weusi ule ni kutu.

Naona mnatazamana. Nasema tena: weusi ule ni kutu, ila ni kutu ya ukoo mwingine. Kutu nyekundu tunayoijua huvimba, hubanduka, ikaacha chuma kipya wazi kiliwe tena. Kutu nyeusi hushika chuma na kutulia. Kiwandani wanachemsha magadi makali na chumvi za naitreti mpaka joto la nyuzi kama 140, kisha wanazamisha mtutu uliokwisha kung'arishwa. Unatoka mweusi, na ukiuelekeza juani unatoa kibuluu kama mgongo wa kunguru wa Kariakoo. Ndiyo maana Wazungu wakaupa jina la buluu.

Ipo njia ya kale zaidi, na ndiyo niliyooneshwa na mzee aliyenifundisha kazi, Mungu amrehemu. Alikuwa anausafisha mtutu hata alama ya kidole isibaki, anaupaka dawa kidogo, anauacha usiku kucha ushike kutu nyekundu nyembamba kama vumbi. Asubuhi anautumbukiza kwenye maji yanayochemka, na mbele ya macho yangu ile nyekundu inageuka nyeusi. Anasugua taratibu, anaanza upya. Mara nne, mara sita, siku nenda siku rudi. Nilimuuliza, "Mzee, kwa nini tunaipa kutu wakati watu wanatulipa tuiondoe?" Akaniambia, "Hii tumeipa kazi, mwanangu." Nimekaa na maneno hayo miaka yote.

Lakini sikilizeni vizuri hapa. Weusi ule ni mwembamba mno, haufiki hata unene wa unywele, na una vitundu vidogo vidogo. Peke yake hauzuii maji kwa lolote la maana. Kazi yake kubwa ni kushika mafuta. Mafuta ndiyo yanayozuia maji, weusi ni kitambaa tu kilicholowana mafuta hayo. Ukifuta kwa oili, una ngao. Ukiiacha ikauke, una bunduki iliyo uchi mbele ya Bahari ya Hindi. Bunduki ya Msasani haikuwa na kosa la kiwanda. Ilikauka.

Na si kila silaha nyeusi imetiwa weusi huo. Bunduki nyingi za kijeshi zimetiwa fosfeti, ule uso wa kijivu usiong'aa, mkwaruzo mkwaruzo, unaoshika mafuta vizuri zaidi. Bastola nyingi za siku hizi zenye mwili wa plastiki, kama Glock zilizoanza miaka ya 1980, slaidi zake, ile sehemu ya juu inayoteleza, hupikwa kwa namna inayoingiza naitrojeni ndani ya ngozi ya chuma chenyewe. Hizo ni nyeusi, lakini zinahimili chumvi kuliko weusi wa kuchemsha, mbali kabisa. Kwa hiyo dukani usiulize rangi. Uliza imefanywaje.

Nije kwenye stenlesi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wetu wanapoumia.

Mnajua stenlesi ya visu ilizaliwa na swali la bunduki? Mwaka 1912 huko Sheffield, Uingereza, bwana mmoja mtaalamu wa vyuma, Harry Brearley, alipewa kazi na watengeneza silaha. Mitutu yao ilikuwa inalika ndani kwa moto na gesi za baruti, wakamwomba chuma kinachovumilia. Akajaribu kuchanganya kromiamu, na Agosti 1913 akapata kile kilichokuwa na kromiamu karibu asilimia 13. Alipotaka kukitia asidi akitazame kwa hadubini, asidi ikashindwa kukila. Akakijaribu kwa siki, akakijaribu kwa ndimu, kikatulia vilevile. Sheffield ni mji wa visu, na visu vya enzi hizo vilikuwa vinashika madoa kila mlo. Basi kile kilichotafutwa kwa ajili ya mtutu kikaishia mezani kwenye kisu. Bastola ya mzunguko ya stenlesi ilikuja kuuzwa mwaka 1965, pale Smith & Wesson walipotoa Model 60, ndogo, ya risasi tano. Hesabuni wenyewe, tangu 1913: miaka 52.

Kwa nini haishiki kutu haraka? Kwa sababu ile kromiamu, ikikutana na hewa, hujifunika utando mwembamba usioonekana. Ukiukwaruza utando huo, hewa inauponya. Kidonda kinajifunga chenyewe. Ni jambo zuri sana. Lakini una masharti mawili: unahitaji hewa, na unaogopa chumvi.

Kina mama hapa ni mashahidi wangu. Sufuria ya stenlesi ukitia chumvi kwenye maji ya baridi ikatulia chini, baada ya muda unaona nini? Vishimo. Vidoadoa vidogo vilivyochimba chini, havitoki hata usugue na nini. Ndiyo chumvi hiyo, imetoboa utando mahali pamoja ikashuka chini. Kama chumvi ya mezani inafanya hivyo kwenye sufuria, jasho la kiunoni na upepo wa Kivukoni vitafanya nini kwenye bastola?

Tena bastola iko hatarini zaidi ya sufuria, na hili dukani hawakwambii. Leo ukifika nyumbani chukua sumaku. Ibandike kwenye sufuria nzuri ya stenlesi: mara nyingi haishiki, au inashika kwa ulegevu. Ibandike kwenye mtutu wa bastola ya stenlesi: inanasa. Ni vyuma viwili tofauti. Ya sufuria ina kromiamu kama asilimia 18 na nikeli asilimia 8, ni wa ukoo wa chuma ambacho Wajerumani wa kampuni ya Krupp walikisajili mwaka 1912. Kinavumilia sana, lakini huwezi kukikaza kwa moto kikawa kigumu. Mtutu lazima ukazwe, kwa sababu unabeba mlipuko. Kwa hiyo bastola nyingi zinatumia ukoo wa Brearley, kromiamu asilimia 12 hadi 14, na mara nyingi huongezwa salfa ili chuma kichongeke kwa urahisi. Salfa hiyo inapunguza tena uwezo wa kukataa kutu. Mtu anayekwambia "stenlesi haishiki kutu" hajawahi kufungua bastola ya mtu anayeishi Mbezi Beach.

Nilifungua moja ya bwana mmoja mfanyabiashara. Nje inang'aa, unaweza kunyolea ndevu kwa kioo chake. Alikuja kwa sababu triga ilikuwa nzito. Aliivaa kiunoni miaka mitatu, chini ya shati, akipanda na kushuka kwenye joto la Kariakoo, na hakuwahi kuifuta hata mara moja kwa sababu aliuziwa kwa neno lile lile: haishiki kutu. Nikafungua vishikio, vile vibao vya pembeni mwa mpini. Chini ya vishikio, mahali pasipo na hewa, jasho lilikuwa limejaa likakauka likajaa tena. Vishimo kila mahali. Springi, ambayo si stenlesi, ilikuwa imeoza. Pini za ndani hivyo hivyo. Yule bwana alikaa kimya muda mrefu, akasema, "Kumbe bora ningenunua nyeusi, ningeona mapema." Na alisema kweli tupu. Nyeusi ikianza kuugua inakuonesha siku ya pili, kidoa chekundu pale kidole gumba kilipogusa. Stenlesi inaugua kimya.

Niongeze mawili ya haraka. Usisugue stenlesi kwa ule waya wa chuma wa kusugulia sufuria. Waya huo unaacha vipande vidogo vya chuma cha kawaida juu ya ngozi ya stenlesi, na vipande hivyo ndivyo vinavyoshika kutu na kuialika nyingine. La pili: si kila kinachong'aa ni stenlesi. Zipo silaha za chuma cha kawaida zilizopakwa nikeli au kromu. Mpako ukipasuka mahali padogo tu, kutu hutembea chini yake kama mchwa chini ya lipu. Soma maandishi ya silaha, muulize muuzaji akuandikie kwenye risiti ni nini.

Wawindaji, najua mnangoja zamu yenu. Kule Rufiji na Selous ninyi mna tatizo jingine, jua. Mtutu uliong'arishwa unarusha mwanga mbali porini, na mnyama anauona kabla hajakuona wewe. Mkitaka stenlesi, tafuteni iliyopigwa mchanga ikawa ya kijivu kikavu. Hilo limeisha.

Lisiloisha ni la ndani ya mtutu. Tunabishana nje, nyeusi au nyeupe, na risasi inapita ndani. Nani kati yenu amesikia habari za wanajeshi wa Marekani kule Vietnam? Miaka ya 1960 walipewa bunduki mpya, M16. Kukaenea maneno kwamba haihitaji kusafishwa sana, na wengi wakapelekwa mstarini bila vifaa vya kusafishia. Chemba yake haikuwa imetiwa kromu, na baruti ilikuwa imebadilishwa ikawa chafu zaidi. Kwenye unyevu wa msitu ule, maganda ya risasi yakanata. Askari wakafa bunduki zao zikiwa zimekwama mikononi. Mwaka 1967 Bunge lao likafanya uchunguzi. Ikatiwa kromu kwenye chemba, na baadaye mtutu mzima. Vifaa vya kusafishia vikagawiwa, na mafunzo. Bunduki za AK walizokuwa wakipambana nazo zilikuwa na kromu ndani tangu awali. Taifa tajiri kuliko yote lilisahau kuuliza swali dogo: nani ataifuta, na ataifuta kwa kitu gani?

Wenye magobore mikoani, na wenye risasi za zamani za kijeshi, sikilizeni. Fataki za risasi nyingi za zamani, kile kidude cha nyuma kinachowasha baruti, zina kloreti, na ikiungua inaacha chumvi ndani ya mtutu. Baruti nyeusi ya gobore nayo inaacha masizi yanayovuta maji. Mafuta hayayeyushi chumvi. Mnaelewa? Mafuta yanaifunika tu chumvi, ikaendelea kula chini kwa starehe. Chumvi inayeyushwa na maji. Kwa hiyo maji ya moto kwanza, kisha kausha kabisa, kisha ndipo mafuta. Mzee wangu alikuwa anamimina birika zima ndani ya mtutu, na mtutu wenyewe ukipata moto unajikausha. Wateja walikuwa wanashtuka kuona maji yanaingia kwenye bunduki. Bunduki zile baadhi ninazihudumia mpaka leo.

Na nyumbani je? Usiilaze bastola ndani ya mkoba wa ngozi. Ngozi hunywa jasho na ina tindikali iliyobaki tangu ilipotengenezwa. Itoe, ifute, ilaze kwenye sefu. Vile vipakiti vya punje vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, vinyonya unyevu, msivitupe. Vikusanyeni, vibadilisheni.

Kuna jambo moja nalisema kwa uchungu. Mtu anaona nyeusi yake imechakaa, anampelekea fundi wa mtaani anayejua kupiga msasa geti na bajaji, anamwambia isugue uipake upya. Fundi anasugua, anasugua, mpaka namba ya silaha inafutika. Ndugu zangu, namba ile ndiyo silaha yenyewe mbele ya sheria. Tangu Sheria ya Udhibiti wa Silaha za Moto na Risasi ya mwaka 2015, mambo haya si ya kujaribia. Ulitaka weusi, umepata kesi. Nenda kwa fundi mwenye kibali, na kabla hajaanza mwoneshe namba, muandikishane.

Basi, nyeusi au stenlesi? Kijana pale nyuma ananikazia macho, anataka jibu. Nitakujibu, bwana mdogo.

Kama silaha ni ya mtu mmoja, mwenye desturi, anayekaa nayo jioni na kitambaa kama vile mwingine anavyokaa na bao, nunua nyeusi. Utaokoa fedha, na utakuwa na chuma kinachokueleza hali yake kila siku. Kama unaivaa mwilini katika joto hili na jasho lako ni kali, nunua stenlesi, au ile nyeusi ya naitrojeni niliyoisema, na fungua vishikio kila mwezi. Na kama silaha inapita mikono mitatu kwa siku kwenye geti la ufukweni, nawaomba wenye kampuni, nawaomba sana, msiangalie bei ya dukani peke yake. Nunueni stenlesi. Halafu nunueni kitambaa na chupa ya oili, vifungwe getini kwa kamba, na daftari ambalo anayepokea zamu anasaini kwamba amepokea silaha iliyofutwa. Kitambaa ni kitu cha shilingi ngapi? Kijana yule wa Msasani ana mke na watoto. Kitambaa ni shilingi ngapi?

Nimemaliza ya kusema, sasa ya kutenda. Kwenye meza ile ya nyuma nimeweka bisibisi, pamba na oili. Njooni mmoja mmoja, mdomo wa silaha ukielekea ukutani, tufungue vishikio tutazame kilicho chini. Tuanze na za stenlesi.